Ahidi pambano, usilimalize: dakika mbili za mwanzo wa filamu ya mapigano na taharuki

Wanafunzi wa Media Studies (somo la vyombo vya habari) wa ngazi ya AS ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari ya juu, wana kazi moja ninayoipenda sana: kutengeneza mwanzo wa filamu mpya ya hadithi, pamoja na majina ya waigizaji na watengenezaji, usiozidi dakika mbili. Mimi ni mhariri wa picha hapa Dar es Salaam, na makundi yanayokuja kwangu kuomba ushauri mara nyingi yamekwisha kuchagua filamu ya mapigano yenye taharuki. Chaguo zuri. Vijana wetu wameukulia utanzu huo kwenye vibanda umiza na kwenye simu, kwa hiyo wanazijua kaida zake hata kabla mwalimu hajazitaja. Ninachofanya ni kuwasaidia waamue kipi kitumike na kipi kisubiri.

Tabu huanza pale wanapotengeneza trela wakidhani ni mwanzo. Ndani ya dakika mbili mna ngumi, bastola, mateka, gari linafukuzwa, na bosi amekaa gizani akivuta sigara. Kila kimoja ni kaida halali ya utanzu, lakini vikirundikwa pamoja mtazamaji habakiwi na kitu cha kusubiri. Trela huokota vipande vya filamu nzima ili iuzike. Mwanzo wa filamu hukaa kwenye tukio moja, mahali pamoja, muda ukienda mfululizo, kisha humwachia mtazamaji swali. Mhakiki wa Kifaransa Roland Barthes, katika kitabu chake S/Z cha mwaka 1970, alieleza jinsi hadithi inavyoweka fumbo na kulichelewesha jibu lake kwa makusudi. Upande wa taharuki unaishi kwa ucheleweshaji huo. Upande wa mapigano unahitaji tu tuamini kwamba mtu huyu, akibanwa, ataweza kupigana. Ahidi pambano, basi, na usilimalize.

Mfano ninaowaonyesha kila kundi ni Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles, ya mwaka 1958. Mkono unatega bomu, unaliweka kwenye buti la gari, wenye gari wanaingia na kuondoka bila kujua. Kamera inalifuata gari hilo katika mitaa ya mji wa mpakani kati ya Mexico na Marekani kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatwa hata mara moja. Watu wanavuka barabara, askari wa mpakani wanapiga soga, mbuzi wanaziba njia. Hakuna ngumi hata moja, na bado huwezi kuondoa macho, kwa sababu wewe unajua kilichomo kwenye buti na wao hawajui. Angalia pia kilichotokea baadaye. Studio ya Universal ilibandika majina juu ya shoti hiyo na kuweka muziki wa Henry Mancini. Welles aliwaandikia andiko la kurasa 58 akieleza alivyotaka filamu yake ihaririwe, na mwaka 1998 mhariri Walter Murch alilifuata andiko hilo: akaondoa majina, akaacha zisikike sauti za mtaani na muziki unaotoka kwenye baa na redio za magari. Tazameni matoleo yote mawili mfululizo. Sijui somo bora kuliko hilo kuhusu majina na sauti.

Tuje nyumbani. Kundi moja lilileta wazo la begi jeusi la chuma, makoti marefu na ghala tupu. Vitu hivyo ni vya filamu za Marekani, na koti refu kwenye joto la Dar linamfanya mtazamaji ashangae mavazi badala ya kuogopa. Niliwauliza, hapa kwetu ni kitu gani kikionekana mtu anajua mambo si shwari? Majibu yalimiminika: bahasha ya kaki iliyozungushiwa selotepu, noti za elfu kumi zilizofungwa kwa raba, bodaboda imesimama injini ikiunguruma na dereva hajavua helmeti. Kaida ni zilezile, yaani mzigo usiojulikana, mtu asiye na uso na muda unaoyoyoma, ila sasa zina mwili wa hapa. Mwandishi wa nadharia ya filamu Steve Neale alisema kwamba utanzu huishi kwa kurudia na kutofautiana, na tofauti ya bure kabisa kwa mwanafunzi ni mtaa wake mwenyewe.

Hatimaye wakaamua kutumia ngazi za ghorofa anakokaa mmoja wao. Kijana anapanda ngazi na bahasha ndani ya shati. Anafika mlangoni kwake, na kati ya ndala za nyumbani kuna jozi ya buti zenye matope. Hazijui. Anavua viatu vyake taratibu ili asisikike, anazima taa ya korido, anashika kitasa. Hapo jina la filamu linatokea. Nililipenda sana wazo la buti. Kila mtu aliyekulia kwenye nyumba ambazo viatu huachwa mlangoni anaisoma hatari ile papo hapo bila kuambiwa neno. Na kitendo cha kuvua viatu kinafanya kazi kubwa ya upande wa mapigano: tunaona kwamba staringi huyu ana akili ya vita.

Staringi lazima ajulikane mapema. Awe mtu ambaye kamera inaona anachokiona yeye. Shoti ya uso wake, kisha buti, kisha uso tena, inatosha kutuweka upande wake. Buti zipigwe kwa karibu na zikae kwenye skrini muda mrefu kuliko mnavyoona inafaa. Wanafunzi hukata haraka haraka wakiamini ndiyo kasi ya filamu ya mapigano, kumbe kasi huhisiwa kwa kulinganisha. Anzeni na shoti za sekunde tano au sita ngazini, zifupisheni hadi mbili, hadi moja, halafu ghafla simameni kwenye buti kwa sekunde nane.

Ngazi zina mtego wake. Mhusika akipanda kuelekea kulia kwenye shoti moja, na mkavuka mstari wa nyuzi 180 kwenye inayofuata, yaani mstari wa kufikirika unaofuata mwendo wake ambao kamera hubaki upande wake mmoja, ataonekana amegeuka na kuelekea kushoto. Bodi ya mitihani ya OCR ya Uingereza iliwahi kuwataka wanafunzi waanze na zoezi dogo: mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anaketi mbele ya mwenzake na kusemezana maneno machache, mstari ukilindwa na kitendo kikiungana vizuri kati ya shoti na shoti. Fanyeni zoezi hilo kwenye ngazi zenyewe kabla ya siku ya kupiga.

Kwa kamera ya simu, wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, na mpangilio huo huzuia taa za korido kuchezacheza kwenye picha.

Sauti ndiyo inayowainua au kuwaangusha. Rekodini hatua za ngazini peke yake, simu ikiwa karibu na mguu. Rekodini redio ya jirani kupitia ukutani, na pangaboi likilia ndani ya nyumba iliyofungwa. Mapigo ya moyo yaacheni, yamechoka. Muziki uwe wa leseni huria au wenu wenyewe, tena uingie chini kabisa na kwa kuchelewa. Majina yawekwe wakati wa kupanda, kwenye kuta tupu za kila kituo cha ngazi, na la mwongozaji liwe la mwisho kabla ya jina la filamu. Juu ya buti pasiandikwe chochote.

Bastola ya bandia isionekane barabarani hata kidogo. Mpita njia hajui kwamba mnaigiza, na polisi vilevile. Fuateni utaratibu wa kibali wa Bodi ya Filamu, na ofisi ya serikali ya mtaa iambiwe mapema pamoja na wapangaji wa jengo.

Mkimaliza kuhariri, tafuteni mtu asiyejua hadithi, mwonyesheni bila maelezo, kisha simamisheni picha jina linapotokea. Akiuliza ni nani yuko ndani, pelekeni kazi. Akiuliza kijana yule alikuwa anafanya nini, rudini kwenye shoti za uso na buti, mziongezee muda.