Mwani wa kijani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Spirulina ni mwani wa kijani." Spirulina ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, seli zao hazina kiini. Mwani wa kijani unaozungumziwa hapa si ule wa baharini unaoonekana kwa macho, bali ni viumbe vidogo vya seli moja vinavyolimwa bwawani, kama Chlorella, Dunaliella na Haematococcus, na kuudhania kuwa sawa na Spirulina huleta hasara. Spirulina hustawi kwenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) ya 9 hadi 10.5, ambayo wavamizi wengi hawaivumilii. Chlorella hupenda pH iliyo karibu na 7, kwa hiyo bwawa lake huvamiwa na rotifa, vijidudu vinavyoweza kulimaliza kwa siku chache. Pia ukuta wa seli ya Chlorella ni mgumu: usipopasuliwa, kwa mfano kwa kusagwa pamoja na shanga ndogo, virutubishi vingi hupita tumboni bila kumeng'enywa.

"Unyime nitrojeni, upate mafuta mengi." Mafuta huongezeka ndani ya kila seli, lakini bila nitrojeni hakuna protini mpya, na seli huacha kugawanyika. Mavuno ya siku hushuka. Njia sahihi ina hatua mbili: kwanza lisha kikamilifu mpaka maji yawe mazito kwa seli, kisha hamishia kwenye maji yasiyo na nitrojeni, chini ya mwanga mkali. Haematococcus hulimwa hivyo; katika hatua ya pili hugeuka mwekundu kwa rangi iitwayo astaksanthini, inayoweza kufikia asilimia 4 ya uzito mkavu.

"Bwawa likiwa na kina zaidi, mavuno ni zaidi." Maji yakishakolea kijani, mwanga hupenya sentimita chache tu. Sentimita 20 hadi 30 zinatosha, gurudumu la makasia likiyazungusha ili kila seli ipate zamu yake ya jua.

"Kazi ni kuuotesha, kuvuna ni rahisi." Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Lita 1,000 za bwawa la wazi kwa kawaida hutoa nusu kilo hadi kilo moja tu ya mwani mkavu. Yanayobaki ni maji ya kuondolewa. Seli ni ndogo mno na zina chaji hasi, hivyo husukumana na hazituami kwa urahisi. Shabu huzigandisha, lakini alumini yake hubaki ndani ya zao, kwa hiyo isitumike kwa chakula. Kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa, inafaa zaidi. Baada ya hapo bado kuna mashine ya kuzungusha kwa kasi, kisha kukausha, na vyote vinakula umeme. Ndiyo sababu wakulima wa mwani huishi kwa rangi na virutubishi vya bei ya juu, na mafuta ya magari bado hayawalipi.