Asilimia 10 ya tunachosoma: takwimu isiyo na mwenyewe

Ukihudhuria mafunzo ya kufundisha watu wazima, huenda utaonyeshwa ile piramidi: tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia, hadi 90 ya tunachofanya. Namba zimejipanga kwa makumi kama ngazi, na hapo ndipo pa kushtuka. Mara nyingi hubandikwa jina la Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani. Mchoro wake wa mwaka 1946 upo kweli, ila hauna asilimia hata moja. Zilipachikwa na wengine.

Kusoma si kosa, basi. Swali ni akili inafanya nini wakati huo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi matini fupi: wengine waliirudia kuisoma, wengine waliandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliachwa nyuma.

Kwa hiyo mtu mzima aliyefunika daftari, kimya, akijikuna kichwa kukumbuka hatua ya tatu, anashiriki kweli. Pengine kuliko kikundi kinachobandika karatasi za rangi ukutani kwa kelele.