Blenda Ikipata Moto, Anza na Jagi

Blenda nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Ngara, Nairobi, kwa lalamiko la "inapata moto halafu inajizima" hazina ubaya wowote kwenye mota. Ubaya uko juu yake, kwenye jagi, au kwenye mkono uliolijaza jagi. Nasema hivi nikijua najitoa riziki, maana kazi ya mota ndiyo inayolipa. Lakini nimechoka kuona mtu akiuziwa mota nzima kwa sababu ya bushi iliyoganda, kile kijipete ambamo mhimili wa visu huzunguka, kitu kinachoenea kwenye ncha ya kidole.

Nazungumzia mashine za aina mbili: zile za Kihindi za kusagia viungo, zenye majagi mawili matatu ya chuma cha pua, na blenda za kawaida za juisi zenye kijagi kidogo cha kusagia bizari. Kwa sura hazifanani, ila tumboni ni ndugu. Zote zina mota ya brashi, yaani vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka stima kwenye sehemu inayozunguka, aina ile ile inayoendesha drili.

Mota hii imeumbwa kwa mbio. Bila mzigo huzunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika, na kwenye mhimili wake huo huo imefungwa feni ndogo inayovuta hewa kupitia matundu ya chini na kuipitisha kwenye koili. Maana yake, inapokimbia inajipoza yenyewe. Ikilemewa ikapunguza kasi, inapigwa mara mbili kwa wakati mmoja: feni inalegea, na umeme unaopita kwenye koili unaongezeka. Mashine ya wati 750 kwa stima yetu ya volti 240 huvuta takriban ampea 3. Ikibanwa inaweza kufika 6 na kupita, na hapo joto la koili haliongezeki mara mbili bali mara nne. Fyuzi ya ampea 13 iliyo kwenye plagi haitakuokoa. Kwake ampea 6 si kitu.

Koili zenyewe ni waya mwembamba uliopakwa varnishi, na varnishi hiyo ndiyo inayozuia waya mmoja usiguse mwingine. Ya daraja E huvumilia nyuzi joto 120, ya daraja B nyuzi 130. Kanuni tunayotumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya kiwango hicho hupunguza umri wa varnishi kwa nusu hivi. Kwa hiyo ile harufu uliyoipuuza mwezi wa tatu na wa tano ndiyo iliyoleta moshi wa mwezi wa nane. Mashine mpya kabisa inaweza kutoa harufu kidogo mara za kwanza, varnishi ikimalizia kukauka, na hiyo isikutishe. Harufu kali inayokereketa koo kwenye mashine ya zamani ni jambo lingine.

Sasa kipimo chenyewe, ambacho unaweza kukifanya nyumbani bila bisibisi. Toa jagi, washa mashine tupu kwa nusu dakika. Ikilia sauti moja nyororo na isipate joto la maana, mota na bushi zake hazina neno kubwa. Izime, chomoa plagi, kisha ligeuze jagi chini juu na uzungushe kile kiungio cha chini kwa kidole kimoja. Kizunguke laini. Kikikwaruza, kikigoma mahali fulani, au ikibidi ukishike kwa vidole viwili na kukikaza mkono, umeshampata mwizi. Mwisho tia maji hadi nusu ya jagi, washa, sikiliza. Maji hayana ugumu wa kumshinda mtu. Mashine ikinguruma kwa maji matupu, jagi linaifunga breki.

Mama mmoja wa Eastleigh aliniletea mashine anayosagia pilipili ya kijani na kitunguu saumu. "Fundi, wameniambia hii niitupe tu, mota imekwisha." Nikaiwasha, ikalia vizuri. "Mama, jagi lenyewe liko wapi?" "Nimeliacha nyumbani, kwani si mota ndiyo mbovu?" Kesho yake akalileta. Visu havikusogea kwa kidole hata kidogo. Chini ya visu, kwenye shingo ya bushi, palikuwa na utando wa kahawia, mgumu, mchanganyiko wa kutu na uji wa kitunguu saumu uliopenya kwenye mpira uliochakaa. Kila asubuhi mota ilikuwa inaanza kazi kwa kuvunja gundi hiyo kabla hata haijaiona pilipili. Tulibadilisha seti ya visu, bushi na mpira wake, na msingi wa mashine sikuufungua.

Kwa hiyo ukija kwa fundi, njoo na jagi. Naomba sana.

Bushi ya jagi huganda kwa sababu ya tabia moja: kuliacha jagi sinkini usiku kucha likiwa na maji. Tui la nazi na tangawizi ndiyo mabaya zaidi, moja kwa mafuta yake, jingine kwa nyuzi zake. Ukimaliza kusaga, tia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, zungusha sekunde kadhaa, mwaga, suuza, lilaze ubavu likauke. Likiwa limeshaganda, tia maji ya moto kiasi cha kufunika visu, liache robo saa, kisha jaribu kiungio kwa kidole tena. Usitie oili ya cherehani upande huo. Bushi ya jagi iko milimita chache kutoka kwenye chakula chako. Ikikataa kulegea, badilisha seti. Ni spea ya bei ndogo, nayo haipatikani kwa shida barabara ya Luthuli mjini ukienda na ile ya zamani mkononi.

Na kama jagi liko sawa, tuje kwenye mkono. Mchele wa vitumbua usiolowekwa vya kutosha ni mateso, na ukiutia maji kidogo mno unakuwa simiti chini ya visu huku juu punje zikikaa zimetulia. Uloweke usiku kucha, usijaze jagi kupita nusu, tia maji kidogo kidogo kadiri unavyosaga. Kunde za bajia ni hivyo hivyo. Siagi ya njugu ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote, kwa sababu inaanza kavu, inapita hatua ya kuwa donge zito, ndipo inaachia mafuta na kulainika. Ni pale katikati mota inapoungua. Saga kwa vipande vya sekunde 20, zima, kwangua pembeni kwa mwiko, pumzisha, rudia. Manjano mazima ya kukauka na mdalasini wa magome mazito uvivunje kwanza kwenye kinu. Ndiyo, kinu. Hakijapitwa na wakati.

Kuna imani moja inayoua mashine mjini hapa kuliko ninavyoweza kuhesabu: kwamba kasi namba moja ndiyo ya kuihurumia mashine. Kwa mzigo mwepesi, sawa. Kwa mzigo mzito, kuiacha namba moja ni kuinyima feni yake huku ukiibebesha. Anza na moja ili vitu vishikane na kuzunguka, kisha panda hadi mbili au tatu. Ikisita hata kwenye kasi ya juu, dawa ni kupunguza kilichomo au kuongeza maji. Kuishikilia kifuniko na kuiombea hakusaidii.

Halafu geuza mashine usome kibandiko cha chini. Blenda nyingi za Ulaya zimeandikwa "KB 1 min" au "KB 3 min", yaani hiyo ndiyo dakika zake za kazi mfululizo kabla ya kupumzishwa mpaka ipoe. Nyingi za Kihindi huandikwa dakika 30, na watu husoma hapo wakadhani wamepewa nusu saa ya kusaga bila kukoma. Kitabu chake kikikaa wazi utaona kwamba nusu hiyo ya saa imekatwa vipande: kwa kawaida dakika 5 za kazi, kisha dakika moja mbili za kuzima. Wenye vibanda vya juisi mnisikilize hapa. Blenda ya nyumbani haikutengenezewa foleni ya saa saba mchana. Ama nunua ya biashara, ama uwe na mbili za nyumbani uzipokeze.

Kibandiko hicho hicho hudanganya pia. Mjini kuna blenda zinazouzwa zimeandikwa wati 4500. Fanya hesabu ya darasa la saba: plagi yetu ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba wati 3120 basi. Mashine ya wati 4500 ingehitaji karibu ampea 19, kupita uwezo wa plagi hiyo. Haivuti hizo, kwa sababu namba ni ya mapambo. Nyingine ndani nimekuta zimesukwa kwa waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Kwa unene ule ule, alumini hupitisha umeme takriban asilimia 61 ya uwezo wa shaba, kwa hiyo hupata moto zaidi kwa kazi ile ile. Kwangua ncha ya waya kwa wembe: ikitoka nyeupe, usilipe pesa kusuka upya mota hiyo.

Matundu ya hewa sitayazungumzia sana. Yako chini, ndiyo maana mashine ina vimiguu. Usiikalishe juu ya taulo au kitambaa cha kufuma, na vumbi la unga litolewe kwa brashi kavu.

Nimeulizwa pia kama mwinuko wa Nairobi una lawama. Mota nyingi za viwandani hupimwa uwezo wake kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na sisi tuko karibu mita 1,700, ambako hewa nyepesi hubeba joto pungufu kuliko ile ya Mombasa. Lakini jiko la Mombasa lina joto ambalo letu halina, hasa Julai, kwa hiyo deni hilo linalipwa kwa sehemu kubwa. Jagi lililojaa mchele mkavu litaua mashine pwani na bara.

Kile kitufe, mara nyingi chekundu, kilicho chini ya msingi ndicho kinachokata stima mota inapolemewa. Kikiruka, zima swichi, chomoa plagi, punguza mzigo, subiri nusu saa, kisha kibonyeze. Usiimwagie maji wala kuitia friji. Nimeyaona yote mawili. Mashine nyingine badala ya kitufe zina fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya koili, inayokatika mara moja tu na haibonyezwi. Hapa ndipo napogombana na wenzangu wa kazi. Wapo wanaoiruka kwa kipande cha waya ili stima ipite bila yake, mashine inawaka, mteja anafurahi. Siku ile itakapobanwa tena hakuna kitakachoizuia kuwaka moto wa kweli, jikoni, pembeni ya mtungi wa gesi. Fyuzi hiyo ibadilishwe kwa nyingine ya nyuzi joto zile zile.

Mota ikiwa kweli ndiyo yenye shida, dalili huonekana ukichungulia kwenye matundu mahali penye giza. Cheche ndogo za buluu chini ya brashi ni kawaida. Cheche kubwa za manjano ni brashi zilizoisha; kaboni ikibaki chini ya milimita 6 hivi, badilisha zote mbili kwa pamoja, na ile silinda ya shaba zinayoigusa isafishwe kwa msasa laini wa kioo, usiwe ule mweusi wa chuma ambao vumbi lake huweza kupitisha umeme. Pete ya moto inayozunguka silinda nzima ni habari mbaya: koili ya rota, ile sehemu inayozunguka, imekatika au nyaya zake zimegusana, na kwa mashine ya bei nafuu hapo ndipo ninapomwambia mteja aweke pesa yake kwenye nyingine. Bushi za mota zikilia kavu, tone moja mbili za oili nyepesi ya mashine zinatosha. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi, na oili ikizidi inarushwa kwenye brashi.

Na zile zinazotoka Marekani kwenye sanduku la shangazi ni za volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu itanguruma kwa raha ya ajabu sekunde chache, kisha basi. Tofauti ya hezi 60 na 50 haiidhuru mota ya brashi. Ni volti tu. Itafutie transfoma ya kushusha yenye wati zinazozidi za mashine, au umrudishie shangazi.

Ukija kuchukua mashine iliyotengenezwa, usikubali kuwashiwa tupu ukaambiwa "si unaona." Njoo na jagi lako na gilasi ya mchele uliolowekwa. Isage mbele yako kwa dakika moja hivi, kisha weka kiganja ubavuni mwa msingi. Uvuguvugu ni sawa. Ukiondoa mkono kwa haraka, iache hapo hapo kwa fundi. Na udai brashi au bushi za zamani alizotoa. Kama hana za kukuonyesha, muulize alibadilisha nini.