Mfupa wa mtoto unapokataa kuunga

Mfupa wa mtoto huunga upesi kiasi kwamba mzazi hushindwa kuamini anapoambiwa kuwa miezi imepita na pande mbili bado zinachezacheza. Nikiwa daktari wa mifupa hapa Dodoma, swali langu la kwanza huwa ni kitu gani kinachouzuia mfupa huo, kwa kuwa sababu ndiyo inayoamua upasuaji. Vyuma huja baadaye.

Mara nyingi tatizo huwa ni kipande cha nje cha kiwiko, kilichovunjika mtoto alipoanguka kutoka mtini akajikinga kwa mkono. Kipande hicho huvutwa na misuli inayonyoosha kiganja, tena huloweshwa na ute wa kiungo, hivyo kikisogea zaidi ya milimita 2 hufaa kishikizwe mapema kwa pini. Kisiposhikizwa, mkono huweza kupinda kuelekea nje, na miaka mingi baadaye neva inayopita nyuma ya kiwiko ikadhoofika, vidole viwili vya mwisho vikafa ganzi. Kukanda na kuvuta, ambako wengi hukujaribu kwanza, hukisogeza zaidi.

Mgumu kuliko yote ni muundi wa mtoto mchanga uliopinda kwa mbele na nje. Takribani nusu ya watoto hawa wana ugonjwa wa kurithi wa neva unaoitwa nyurofibromatosisi, kwa hiyo huwavua nguo nikatafuta madoa ya rangi ya kahawia. (Muundi uliopinda kwa nyuma na ndani ni habari nyingine, huo kwa kawaida hunyooka wenyewe.) Kabla haujavunjika, mtoto huvaa kifaa cha kuukinga, na asitokee mtu wa kuukata ili aunyooshe, maana mkato huo nao huweza kukataa kuunga. Ukishavunjika, tunaondoa utando mnene, wenye ugonjwa, unaouzunguka, tunapandikiza mfupa kutoka nyonga, tunapitisha fimbo ya chuma ndani yake na, inapobidi, tunazungushia mguu pete za nje zinazoshikwa mfupani kwa waya, kwa mbinu ya daktari Gavriil Ilizarov, aliyeiendeleza huko Kurgan, Siberia.

Picha ya eksirei ikionyesha umeunga, mzazi hufurahi, lakini unaweza kuvunjika tena hadi mtoto amalize kukua; hivyo fimbo huachwa na kliniki huendelea. Pete nazo hukaa miezi kadhaa, na kila tundu la waya husafishwa nyumbani. Ndiyo maana familia ikitoka kijiji chenye shida ya maji, mimi huwauliza habari za maji kabla sijapanga tarehe ya upasuaji.