Disney's Animal Kingdom: wapangieni wanyama saa zao

Kazi yangu ni kupangia ziara familia zinazozungumza Kiswahili zinapokuja Orlando, na nyingi huniletea ratiba ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya wanyama na burudani ya kampuni ya Disney, ikiwa imeshajaa. Alfajiri foleni ya Pandora, eneo lililojengwa kwa mfano wa filamu ya Avatar, kisha treni ya Expedition Everest, maonyesho mawili, chakula, picha. Wanyama wamewekwa kwenye "tukipata nafasi". Jioni nasikia malalamiko yale yale: simba kalala, kiboko haonekani, gorila katupa mgongo. Wanyama walikuwepo. Muda wa kuwatazama ndio haukuwepo.

Bustani hii iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998 ina ekari kama 580, na takriban ekari 110 ni za Kilimanjaro Safaris, ambako lori la wazi linakuzungusha kwa dakika 18 hivi. Wengi huona hizo dakika 18 ndizo hesabu yote ya wanyama. Lakini lori lako lina jingine nyuma yake. Twiga akiziba njia dereva atasimama, ila hawezi kungoja hadi simba aamke, na simba anaweza kulala saa 20 kwa siku. Kwa hiyo mimi hupanga lori mara mbili: mara tu bustani inapofunguliwa, na tena alasiri jua likishapoa. Njia ni ile ile, lakini kinachoonekana hubadilika kabisa. Okapi, ndugu wa twiga, kwa mfano, yuko mwanzoni kabisa, kwenye kipande cha msitu kilichopewa jina la Ituri, msitu wa Kongo, na michirizi yake humficha vizuri mno. Familia za Kikongo huwa naziambia zianze kuangalia kwenye vivuli lori linapoondoka tu.

Mambo ya kuwasimulia watoto, wasimulieni mkiwa foleni. Mojawapo ni hili: mwaka 2006 vifaru weupe wawili walitoka bustani hii wakapelekwa Uganda, kwenye hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, maana vifaru wa porini nchini humo walikuwa wamekwisha. Mmoja wao, Nandi, alizaa ndama mwaka 2009. Baba alitoka Kenya, mama Marekani. Ndama akaitwa Obama. Mtoto anayejua habari hiyo hamtazami kifaru kama wengine wanavyomtazama.

Ukishuka kwenye lori, usirudi Pandora. Pale pale inaanza njia ya miguu ya Gorilla Falls, na mimi huitengea saa moja na nusu. Watu wengi huimaliza kwa dakika 20, na naumia nikiwaona. Chukua dirisha la viboko, ambapo unawaona chini ya maji kupitia kioo. Kiboko haogelei kama samaki; hutembea juu ya sakafu ya bwawa, na huja juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika tatu hadi tano hivi, hata akiwa usingizini. Anayesimama hapo dakika moja huona ubavu wa kijivu, basi. Anayesimama dakika kumi huona mwili mzima ukiinuka, pua zikifunguka juu ya maji, kisha zikijifunga na mnyama kuzama tena taratibu bila kurusha maji. Watoto hunyamaza wenyewe hapo.

Gorila nao wana saa zao. Porini hula asubuhi, hupumzika mchana, kisha hula tena alasiri, na hapa desturi hiyo haijapotea sana. Kuna makundi mawili, familia na madume watupu, kila moja na eneo lake. Kama kundi moja limejificha, tembea hadi la pili, halafu rudi.

Saa sita hadi saa tisa mchana tengeni kwa maonyesho ya ndani na chakula. Kiangazi cha Florida hufika nyuzi joto 32 na zaidi, na mvua za radi hupenda kuja mchana. Mvua ikikatika na hewa ikapoa, nendeni moja kwa moja njia ya miguu ya Maharajah Jungle Trek, upande wa Asia. Chui milia aliyekuwa amelala nyuma ya ukuta mara nyingi huanza kuzunguka wakati huo. Nusu saa hapo haitoshi. Weka saa nzima, ukiwa na popo wakubwa na joka la Komodo wa kuwatazama pia.

Wanaokuja Desemba wabane ratiba hii mbele. Jua huzama saa kumi na moja na nusu, na njia za wanyama hufungwa mapema kuliko bustani yenyewe, kwa hiyo lori la pili lisipite saa tisa. Angalieni saa za siku hiyo kwenye programu ya simu kabla ya kutoka hotelini. Na kama mna siku moja tu, kitu cha kwanza ninachokifuta ni ile foleni ya Pandora ya asubuhi. Nendeni usiku. Pandora inapendeza zaidi taa zikiwaka, na wanyama saa hizo wameshaingia ndani.