Wakiungana, ruti zetu zinakufa? Maneno ya mtaani kuhusu mashirika ya ndege, na kinachotokea kweli

Mimi nakata tiketi. Kaofisi kenyewe meza mbili na feni, ila maswali ninayoulizwa humo yangetosha redio nzima. Juzi kaja kaka mmoja anayepandisha wageni Kilimanjaro, kaniwekea simu mezani, tiketi ya mgeni wake ya KLM, shirika la Waholanzi, ila kile kipande cha kutoka Paris kwenda Amsterdam kimeandikwa kinarushwa na Air France. Akaniuliza, "Sasa hawa si walishanunuliwa na Wafaransa? Si kuna siku wataamka watuambie uwanja wetu wa Kilimanjaro, KIA, basi, wageni wenu wapandie Paris?" Nikacheka kwanza, halafu nikaona swali lina akili, maana kwa juu juu ndivyo inavyoonekana, mwenye nguvu akinunua mwenzake anahamisha kila kitu kwake. Nimeona nimjibu hapa kwa kirefu, maana hata wanaojua ndege huwa wanachanganya mambo haya.

Neno moja kwanza. Nikisema kitovu, namaanisha uwanja ambao shirika limeufanya stendi yake kuu. Fikiria Ubungo ya zamani alfajiri, mabasi ya mikoani yanajipanga, mtu kalala Dar usiku mmoja tu ili aunganishe Mtwara na Arusha, hana hata ndugu mjini. Uwanja wa kitovu ni hivyo hivyo. Na hapa ndo penye dhana ya kwanza.

Watu wanaamini ndege kubwa ya kimataifa inakuja mji fulani kwa sababu mji huo ni mkubwa au una hela. Hapana bwana. Mara nyingi inakuja kwa sababu kuna ndege ndogo hamsini zimemwaga watu pale ndani ya saa mbili zilizotangulia. Chukua Memphis, Marekani. Kuanzia 1995 kulikuwa na ndege ya moja kwa moja Memphis kwenda Amsterdam, mradi wa shirika la Kimarekani la Northwest na rafiki yake KLM. Jiulize mwenyewe, watu wa Memphis wenye shughuli Amsterdam kila siku ni wangapi? Ile ndege ilikuwa inajazwa na watu wa Mississippi, Arkansas, Louisiana na huko pembeni, wanaletwa na vindege, wanabadilisha, wanaondoka. Oktoba 2008 shirika jingine la huko, Delta, likaichukua Northwest, na Delta kitovu chake ni Atlanta, saa moja tu ya ndege kutoka Memphis. Sasa una stendi mbili zinazookota abiria wale wale. Ya Amsterdam ikakatwa 2012, na mwaka uliofuata Delta ikatangaza Memphis si kitovu tena. Mji haukupungua watu, uwanja nao haukufa, maana FedEx wako pale na usiku unaona ndege za mizigo zinapishana kama daladala Kariakoo. Kilichoondoka ni wale abiria wa kuunganisha, na wao hawakuwa wa Memphis tangu mwanzo.

Kwa hiyo mkisikia mashirika mawili yanaungana msiulize nani mkubwa. Ulizeni vitovu vyao viko umbali gani na vinafanya kazi gani. Vikifanya kazi moja, kimoja kinasubiri siku yake.

Ila sasa wengine wanaenda mbali, wanasema kitovu kikifa safari za nje zote zinaondoka na nauli zinapanda. Hii ndo naipenda kuibishia, na mfano wangu siku zote ni Cincinnati (ambayo uwanja wake, kwa taarifa yako, hauko hata jimbo la Ohio, uko ng'ambo ya mto, jimbo la Kentucky). Delta ilikuwa na kitovu pale, na mwaka 2005 ilikuwa inarusha ndege zaidi ya 600 kwa siku yenyewe na kampuni yake ndogo ya Comair. London, Paris, Frankfurt, Rome, Amsterdam, zote unapanda pale pale. Ikaja 2008, mafuta ya ndege yakapaa hadi vile vindege vya viti 50 vikawa kila vikiruka ni hasara, na mwaka huo huo Northwest ikaingia na kitovu chake cha Detroit, uwanja mpya mpya na hauko mbali. Cincinnati ikachinjwa taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka kumbi nzima zikafungwa. Za Ulaya zikaenda moja moja, lakini ya Paris ikabaki. Corona ikaisimamisha, na 2022 ikarudi.

Kwa nini Paris? Kwa sababu pale Cincinnati kuna kiwanda cha injini za ndege cha kampuni ya GE, na GE ina ubia wa miaka mingi na Wafaransa wa kampuni ya Safran, ndo wanaotengeneza injini za CFM unazoziona kwenye Boeing 737 na Airbus 320 nyingi tu. Wahandisi wanapanda na kushuka mwaka mzima, na wanalipiwa na kampuni. Hao hawaunganishi, hao ni wa pale pale. Ruti yenye wenyeji wanaolipa vizuri haiogopi kuungana kwa mtu.

Na nauli? Enzi za kitovu Cincinnati ilikuwa inatajwa kila mara kati ya viwanja ghali Marekani nzima, watu walikuwa wanaendesha gari kwenda kupandia miji ya jirani ili waokoe hela. Delta ilipopungua, nafasi ikapatikana, mashirika ya bei nafuu yakaingia, Frontier wakaja, Allegiant wakaja, Southwest wakaja 2017, nauli zikashuka. Juni 2023 British Airways nao wakaanza London. Kwa hiyo mji ulipoteza ndege nyingi, ukapata nauli nafuu, na London ikarudi kwa mlango mwingine. Ukimuuliza mtu wa pale kama alipata au alikosa, inategemea alikuwa anasafiri kwa hela ya nani.

Sisemi kila mji unaangukia pazuri. St. Louis iliumia kwelikweli. Ilikuwa kitovu cha shirika la TWA. American Airlines ilinunua TWA mwaka 2001, na American tayari ilikuwa na Chicago upande mmoja na Dallas upande wa pili, sasa St. Louis ya katikati ya kazi gani? Novemba 2003 wakakata safari karibu nusu. Kinachouma zaidi, mji ulikuwa umeshaanza kujenga njia mpya ya kurukia kwa ajili ya msongamano wa TWA, mtaa mzima wa Carrollton ukabomolewa kupisha, zaidi ya dola bilioni moja zikazama, njia ikafunguliwa 2006 wakati msongamano wenyewe haupo tena. Ukitoa kashirika kamoja ka Iceland kalikopita 2018 kakatoweka, walikuja kupata safari ya uhakika ya Ulaya Juni 2022, Lufthansa ya Wajerumani kwenda Frankfurt. Miaka karibu ishirini hiyo.

Kuna nyingine naisikia kwa wasomi zaidi, kwamba kuungana ni kukata tu, hakuna kinachoongezeka. Angalia Alaska Airlines na Hawaiian, wamekamilisha Septemba 2024. Alaska kitovu chake ni Seattle na hakuwa na ndege kubwa hata moja ya kuvuka bahari. Hawaiian alikuwa nazo, Airbus 330. Mei 2025 ile ndege ya Hawaiian ikaanza kutoka Seattle kwenda Tokyo, baadaye Seoul. Seattle imepata, ila kumbuka ndege haizaliwi uwanjani, ikionekana hapa jua kuna mahali imeondolewa au haitaenda. Watu wa Honolulu, nyumbani kwa Hawaiian, wanalifahamu hilo.

Halafu ahadi. Siku ya kusaini kila mtu anatabasamu na kusema hakuna kitovu kitakachofungwa. Delta na Northwest walisema hivyo hivyo 2008, uongo labda haukuwepo siku ile, ila hesabu zilibadilika. American walipoungana na US Airways 2013, wanasheria wa serikali na wa majimbo wakawabana kwenye makubaliano waendelee na vitovu kama Philadelphia, Charlotte na Phoenix, kwa miaka mitatu. Mitatu tu! Mtu akikuahidi uwanja wako kitu, uliza inaisha lini. Ingawa kwa haki ya Mungu Philadelphia imeendelea kuwa mlango wao wa Ulaya hata baada ya muda kuisha, kwa sababu New York kwao nafasi za kuruka na kutua ni chache na washindani wamejaa. Kilichoiokoa ni jiografia, karatasi ilikuwa ya kupitia tu.

Waholanzi wao walijifunza kutotegemea maneno. Air France na KLM waliungana 2004, ahadi zikaandikwa za kulinda mtandao wa Schiphol, uwanja wa Amsterdam, miaka ikapita, zikaisha. Februari 2019 serikali ya Uholanzi ikaingia sokoni kimyakimya ikanunua karibu asilimia 14 ya kampuni mama kwa euro milioni 744, Wafaransa wakashtuka asubuhi. Sababu waliyoitoa ni moja, wanataka kauli kwenye mambo ya Schiphol.

Sasa hapa ndo narudi kwa kaka wa mlimani, maana kuna kitu watu wengi hawakijui kabisa. Wanadhani ukinunua shirika umenunua na ruti zake, kama unavyonunua duka na bidhaa zilizo rafuni. Ruti ya kimataifa si mali ya shirika. Ni makubaliano ya nchi na nchi, Tanzania na Uholanzi wanakaa, wanasema ndege za Kiholanzi zinaruhusiwa kuja mara kadhaa. Na kwenye mikataba mingi kuna kipengele kwamba shirika lazima liwe la raia wa nchi ile. Ndo maana Air France haikuifuta KLM ikapaka ndege rangi zake. Hisa za kupiga kura zikapangwa makusudi ili KLM kisheria ibaki ya Uholanzi, na mpaka leo kwenye tiketi KLM ina herufi zake KL na Air France ina zake AF. Ndo maana pia mara nyingi ukisikia shirika la nje limenunua la kwetu utakuta ni asilimia 49, kama South African Airways walivyoichukua Air Tanzania 2002, tukaambiwa Dar itakuwa kitovu cha ukanda huu, na 2006 ndoa ikavunjika bila kitovu.

Na si nchi mbili tu zenye kauli. Korean Air alipotaka kumeza mwenzake wa Korea Kusini, Asiana, Umoja wa Ulaya ukasema sawa, ila za Paris, Rome, Barcelona na Frankfurt lazima apewe mtu mwingine azirushe kutoka Seoul, zikapewa shirika dogo la huko huko, T'way. Yaani Incheon, uwanja wa Seoul, ulipata mrukaji mpya wa Ulaya kwa sababu wawili waliungana.

Mnunuzi kuhamisha kila kitu kwake nako si lazima. Lufthansa ana Frankfurt na Munich, na alipomaliza kuinunua Brussels Airlines ya Ubelgiji Januari 2017 angeweza kusema Waafrika wote pitieni Ujerumani. Hakufanya hivyo. Brussels ina Kinshasa, Kigali, Bujumbura, Entebbe, ruti zilizorithiwa tangu Sabena, shirika la zamani la Ubelgiji, na abiria wake wana ndugu Ubelgiji kweli, wanabeba mifuko ya fumbwa, mboga ya majani ya Kongo, na samaki wakavu hao, hawaendi Frankfurt. Lufthansa akaiacha iwe mkono wake wa Afrika.

Na jamani, kushirikiana si kuungana. Mpaka leo kuna watu wananiambia Kenya Airways ni ya KLM. KLM ilinunua asilimia 26 mwaka 1996, ndiyo, na kwa miaka mingi walikuwa na ubia wa Nairobi na Amsterdam, wanagawana mapato. 2017 madeni ya Kenya Airways, au KQ, yalipogeuzwa hisa, fungu la KLM likashuka hadi asilimia 7.8, na 2021 ubia ukavunjwa. KQ bado wako SkyTeam, kundi la mashirika washirika ambamo KLM nayo imo, bado unaweza kuunganisha, ila huo ni ujirani, si ndoa. Tena ubia wa kugawana mapato ndo wa kuuangalia kwa jicho kali kuliko hata kuungana kwenyewe, kwa sababu wakishaweka hela kwenye kapu moja hawajali tena abiria amepitia uwanja upi.

Kwa hiyo KIA je? Nilimwambia kaka hivi. KLM inashuka KIA, inaendelea Dar, inarudi Amsterdam, safari moja inabeba wapanda mlima na wazungu wa mbugani upande mmoja, wafanyabiashara na sisi wengine upande wa pili. Wageni wake ni wa kushukia pale, si wa kuunganisha, na kwa muda wote huo tangu 2004 Wafaransa wameiacha. Tena Air France wenyewe wameongezea, wakaja Zanzibar 2021 wakipitia Nairobi. Cha kumtisha yeye si Paris. Ni msimu ukiwa mbaya viti vikarudi vitupu, hapo KLM, hata ikimilikiwa na nani, itaikata ruti.

Akanyamaza kidogo, akachukua simu yake. "Basi sawa. Sasa huyu mgeni wangu begi lake la pili analipia wapi, kwa Mholanzi au kwa Mfaransa?"