Kidaka si rafu

Juzi nimesikia tena. Mtu amesimama mbele ya ukuta wa nyumba ya kale kule Lamu, anawaeleza wageni: "Hii zidaka ilikuwa rafu ya vyombo. Inaitwa hivyo kwa sababu inadaka vitu visianguke." Sentensi mbili, makosa matatu, na ukuta wenyewe ni mzuri mno kuelezwa hivyo.

Maana yake ni fupi. Kidaka ni kishubaka kilichoachwa katika unene wa ukuta wa mawe, kikazungushiwa lipu ya chokaa na kutiwa nakshi. Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Siyu, hasa za karne ya 18, vilipangwa safu juu ya safu mpaka vikatanda ukuta mzima wa ndani. Na "ndani" hapo ni jina la chumba: kile cha faragha, cha wenye nyumba.

Sasa neno. Zidaka ni wingi. Kiamu na Kipate, lahaja za Lamu na Pate, husema zi- pale Kiswahili sanifu kinaposema vi-: zitu, zombo, zisahani. Anayesema "hii zidaka" ni kama aliyesema "hii vitabu". Kimoja ni kidaka, basi.

Na hakuna haja ya kwenda kwenye kitenzi cha kudaka mpira. Muulize Mwamu daka ni nini, atakuonyesha mlangoni kwake: ule upenu ulioingia ndani ya ukuta, wenye mabaraza ya mawe kulia na kushoto, watu wanapoketi na kuzungumza. Daka ni mahali palipoingia ukutani, na kidaka ni daka dogo. Mnazini nako kuna kidaka, nazi changa isiyofikia kuwa kitale, wala sijasikia mtu akidai kwamba inadaka kitu.

Hili la rafu ndilo linaloniumiza zaidi. Rafu huongezwa ukutani, tena kwa ajili ya kitu cha kuwekwa. Ukiondoa kitu, inabaki ubao. Kidaka ni ukuta wenyewe. Fundi amechonga nakshi kwenye chokaa ikingali mbichi, na kazi yake inatazamika hata pasipo na chombo. Ni kweli sahani na mabakuli ya kauri ya Uchina yaliwekwa humo, na wako walioamini kwamba yanapokea jicho la hasidi kabla halijamfika mwenye nyumba. Lakini yaliwekwa yaonekane. Chakula kilikuwa na vyombo vyake.

Hapo ndipo utenzi wa kale wa Al-Inkishafi huingizwa, na huingizwa vibaya. Yule bwana aliwaonyesha wageni vidaka vile na kusema ndivyo alivyovililia mtunzi wake, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Utenzi ule unazungumzia Pate, si Lamu. Mshairi anausemesha moyo wake, anauonyesha majumba ya matajiri waliokwisha kuondoka: popo wananing'inia juu, bundi analia katikati ya nyumba. Humo humo anataja "madaka ya nyumba ya zisahani" na kusema kwamba sasa wanalala humo makinda ya ndege.

Ukidhani daka ni rafu, ubeti huo unakuwa habari ya kabati lililoachwa tupu. Lakini fikiria madaka yale yalikuwa chumba gani. Kwa kawaida mgeni wa kiume hakufika huko. Ili ndege wafike kutaga kwenye madaka ya zisahani, ama dari imeshaanguka, ama hapana tena mtu wa kufunga mlango. Kile kilichofichwa kuliko vyote kimebaki wazi kwa mbingu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiwapeleka wageni tena, waambie: hiki ni kidaka, hivi vyote ni zidaka, na hapa tuliposimama ni ndani. Halafu wape nafasi ya kutazama.